Prezida Asiyeshika Kalamu ya Mwenzake

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la sita, kambini, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na mvua. R na L bado zinanipiga chenga. Binamu yangu ameahidi kuyachapa maandishi haya na kuyanyoosha anapoweza. Patakapobaki pamepinda, kosa ni langu. Ninaandika wakati wa mapumziko ya chakula, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali ninakofanya kazi. Mistari mitano kwa siku, sita nikijitahidi. Kwa hiyo msishangae nikitoka jambo hili na kuingia lile.

Nataka kusema habari za mzee tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka sita, hapa Sharpstown, Houston. Watu wote walimwita Prezida. Hakuwa rais wa kitu chochote. Kwetu Congo mkuu wa kituo cha kupigia kura huitwa prezida wa biro, na yeye alikuwa prezida wa biro kwa siku moja tu: siku watu wa jimbo letu walipochagua wabunge wa bunge la jimbo kwa uhuru, mara ya kwanza baada ya udikteta. Kazi ya siku moja ikampa jina la maisha.

Siku hiyo ilimfuata mpaka Texas. Walikuwepo kina mama kumi na saba waliopanga foleni kwenye kituo chake, na alikuwa na neno la kuwaambia. Aliogopa kufa, au kusahau, kabla hajawaambia. Mmoja wa kina mama hao ni bibi yangu, mama yake baba. Kwa miaka sita Prezida alimsalimia kila asubuhi, akamuuliza habari za magoti, akampandishia maji ya kunywa ngazini, na neno lenyewe halikutoka.

Mgeni akihamia kwenye apatimenti zetu, jambo la kwanza aliloambiwa ni hili: ukiletewa fomu na serikali, usiende kwa Prezida kama una haraka. Ajabu ni kwamba hapakuwa na mtu aliyesoma kumzidi. Alikuwa mwalimu mkuu, Kifaransa alikijua, Kiingereza alijifunza kwa kusoma vikaratasi vya dawa. Barua yoyote alikusomea, akakufafanulia mstari kwa mstari, hata saa mbili. Lakini kalamu hakushika. Palipotakiwa alama, alama uliweka wewe. Na usimwulize ni kisanduku kipi.

Mama Mapacha, jirani yetu wa chini, alimletea fomu ya kadi ya chakula cha watoto. Nilikuwepo, nimekaa kwenye ngazi na bibi. Prezida akamsomea kwamba wanauliza kama kuna mtu mzima mwingine anayekula naye jiko moja.

"Weka kile wanachotaka kusikia," Mama Mapacha akasema.

"Wanachotaka kusikia sikijui. Ninajua wanachouliza."

"Baba Prezida, mimi niko late. Basi langu lile linakuja. Weka tu yes."

"Kisanduku ni chako, mama. Na kalamu hiyo hapo."

Mama Mapacha alikunja fomu yake na kuondoka akiitangazia korido nzima kwamba kuna mwanamume amesoma mpaka nywele zimekimbia kichwani, halafu amekuja Amerika kuogopa kalamu. Watu walicheka. Fomu ikachelewa, kadi ikafungwa majuma matatu, na hapo hapakuwa tena na wa kucheka. Walisema ana roho mbaya. Hata mimi nilisema, kimoyomoyo, maana kwa sauti huwa sisemi sana.

Lakini katika majuma yale nilimwona akipanda ngazi na mfuko wa unga begani, hatua moja, anapumzika, hatua moja, mpaka kwenye mlango wa Mama Mapacha. Aliuweka chini bila kubisha hodi. Alipogeuka akanikuta nimesimama na kapu la nguo. Aliweka tu mkono kifuani kama mtu anayeomba radhi, akapita. Nilishindwa kuelewa: mtu anayekataa kuweka alama moja, anabebaje kilo ishirini?

Kulikuwa na ile tabia ya kidole pia. Prezida hakunyoosha kidole kuonyesha kitu. Ukimuuliza duka liko wapi, alisogeza kidevu. Kwa kuwa wazee wengi wa kwetu huonyesha kwa kidevu au kwa midomo, hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona, kwa sababu hata mtoto mdogo wa jirani alipopoteza kiatu chini ya gari, na mama yake akauliza kiko upande gani, Prezida alipiga magoti kwenye lami, akajinyoosha, akakitoa mwenyewe. Ilikuwa rahisi zaidi kunyoosha kidole.

Msifikiri alikuwa mtu wa huzuni tu. Aliweza kutuchekesha mpaka bibi akashika mbavu. Chama cha watu wa kwetu hapa Houston kilipotaka mwenyekiti, watu walikusanyika sebuleni kwa Mama Mapacha, na kama kawaida walitaka kumpigia makofi mtu mmoja na kwenda kula. Prezida akasimama, amevaa suti yake ya kahawia, akasema makofi ni ya harusi. Alikuwa amekuja na boksi la nepi lenye mfuniko alioutoboa tundu. Akaligeuza juu chini ili wote waone ndani hamna kitu, akawapitishia hata watoto. Chumba cha siri kilikuwa bafu. Mmoja mmoja aliingia, akafunga mlango, akaandika, akatoka. Foleni ilifika jikoni, wali ukapoa. Mzee mmoja alikaa humo muda mrefu, wakaanza kumpigia kelele kwamba aliambiwa apige kura, siyo ile shughuli nyingine. Akajibu kutoka ndani kwamba zote mbili ni haki yake.

Wakati wa kuhesabu, Prezida alifungua karatasi moja moja, akaiinua juu ya kichwa, akaigeuza kulia na kushoto, ndipo akasoma. Moja ilikuwa na mchoro wa samaki. Mtoto wa mtu alikuwa ameingia bafuni na kupiga kura. Wote walicheka. Yeye hakucheka. Aliitazama sana, akatangaza kwamba imeharibika, kisha akaitia kwenye bahasha yake peke yake, taratibu, kama kitu cha marehemu. Nilipomsogezea maji, aliifunga kwanza ile bahasha.

Alikuwa akiwaona. Hilo nililijua kabla sijajua anawaona akina nani. Siku moja, saa nne asubuhi, tulikuwa kituo cha basi pamoja. Mbele yetu alikuwepo mama mzee aliyejifunga kitambaa kichwani, mfupi, amebeba mfuko. Prezida alitoka kwenye kivuli, akamfuata, akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, "Mama, ngoja kidogo, sikukuambia vizuri." Mama yule akageuka. Alikuwa mtu wa Honduras, nadhani, na alishtuka akaukumbatia mfuko wake. Prezida akarudi nyuma hatua tatu akiomba samahani kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kwa kilugha chetu. Ndani ya basi aliniambia tu kwamba yule aliyemfananisha naye alikufa kambini, na kwamba alijua alikufa, alikwenda mazishini.

Alipopata uraia, wanachama walimpongeza, na ulipofika uchaguzi walimsindikiza mpaka kwenye maktaba ambako kura zinapigwa. Waliomsindikiza walisimulia kwamba aliingia akakaa mbele ya mashine muda mrefu. Mfanyakazi mmoja wa pale, msichana mwenye adabu, akamsogelea na kumuuliza kama anahitaji msaada. Prezida akasimama na kutoka nje bila kupiga kura. Akakaa kwenye benchi hadi jioni akiwatazama watu wakiingia na kutoka. Walimsema tena. Miaka yote anatufundisha masanduku na mabafu, walisema, na kura yake mwenyewe ameiacha.

Yaliyofuata ule uchaguzi wa nyumbani, kwetu hatuyazungumzi, lakini bila kuyataja hamtaelewa. Aliyeshinda kiti cha upande wetu alikuwa mtu wa mjini tusiyemjua. Msimu wa kupanda uliofuata walikuja wanaume wenye bunduki wakasema mlima ni wa mheshimiwa. Walichoma nyumba kuanzia za juu. Baba yangu alirudi kuchukua mbuzi. Mimi nilikuwa mgongoni kwa bibi, mtoto mdogo, sikumbuki kitu, nimesimuliwa tu. Tulivuka ziwa bila baba.

Mwaka juzi Prezida alihamia Mesquite, karibu na Dallas, kwa mwanawe anayefanya kazi kwenye maghala. Alikuwa ameanza kusahau. Aliacha sufuria motoni, alimwita bintiye kwenye simu kwa jina la dada yake mwenyewe. Halafu mwaka huu, mwezi wa joto, mwanawe akapiga simu. Alisema mzee anamtaja bibi yangu kila siku, na daktari amesema siku zake za kukumbuka zinapungua, na kama bibi anaweza safari, yeye atatupokea. Bibi hakuuliza sababu. Alisema, "Tunaenda," akaanza kukaanga karanga.

Basi la kwenda Dallas lilituchukua nusu siku. Mwanawe alitupokea akatupeleka kwenye nyumba ndogo, nyuma yake barabara ya malori. Prezida alikuwa kwenye kiti, amevaa ile suti ya kahawia ingawa lilikuwa joto la kupasua mawe. Alikuwa amekonda. Alimtambua bibi kabla hajavuka kizingiti, akataka kusimama, bibi akamkatalia kwa mkono.

Tulikunywa chai. Kisha akasema, "Mama, unaikumbuka siku ya kura, pale shuleni?"

"Nakumbuka jua," bibi akasema.

Mzee akasimulia, naye alisimulia vizuri, bila kupotea hata mara moja, kama mtu aliyefanya mazoezi. Inabidi niwaeleze kwanza jambo moja. Wakati wa udikteta kura ilikuwa kadi mbili, ya kijani ya kumkubali mtawala na nyekundu ya kumkataa, na askari alisimama pale penye nyekundu. Wazee walizoea kwamba kura ina jibu moja sahihi. Siku ile ya bunge la jimbo karatasi ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza, imejaa nyuso za watu. Mama wa kwanza kati ya wale kumi na saba alipoingia, alimuuliza prezida: ya kijani iko wapi? Akamweleza kwamba hakuna kijani tena, wala nyekundu, kila mtu anamchagua anayemtaka. Mama akaanza kutetemeka. Alidhani anafichwa ya kijani ili akamatwe. Sheria ilimtaka aje na mtu wake wa kumsaidia. Mkuu wa kituo hakuruhusiwa. Lakini foleni ilikuwa imefika kisimani, na nje ya ua walisimama askari. Prezida akatafuta kitu cha kijani kwenye karatasi ile ili amtulize. Palikuwa na mgombea mmoja aliyepigwa picha na shati la kijani. Akaweka kidole. Huyu hapa, mama. Mama akabandika dole gumba, akatoka ametulia.

Akaingia wa pili, akauliza ya kijani iko wapi.

"Wote kumi na saba," Prezida akasema. "Na wewe ulikuwa wa tisa. Yule mtu sikumjua, naye ndiye aliyeshinda. Hata mimi mwenyewe nilimpigia mwingine. Jioni niliposoma karatasi, jina lake nililitaja mara nyingi mpaka wakala wake akaanza kucheka."

Mwanawe akaingilia, akasema kwamba kura kumi na saba haziwezi kumpa mtu kiti, amemwambia hivyo mara mia.

"Kila kituo kilikuwa na mtu mmoja wa kusema hivyo," mzee akajibu. Kisha akanielekezea kidevu. "Baba wa huyu binti, mama, nilimwondoa mimi. Kwa kidole hiki. Nimekuwa nikikuletea maji tu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama zulia. Nje malori yalikuwa yanapita, moja baada ya jingine, na vikombe vilikuwa vinatikisika kidogo kwenye sinia. Bibi alimaliza chai yake yote. Alipoweka kikombe chini nilifikiri atalia au atamlaani.

"Mwanangu," akasema, "ulidhani hatukujua kwamba hakuna ya kijani?"

Prezida akaweka kikombe chake chini.

"Redio ilisema kila siku. Wajukuu walitueleza. Tulijua. Lakini zile kura za zamani kaka yangu alichukua nyekundu, kwa utani, alikuwa mtu wa utani. Hatukumwona tena. Basi siku ile tulikaa kwenye foleni, kina mama, jua linatupiga, tukaambizana: tumwulize prezida. Atakayemwonyesha, tutamwekea dole. Yakiharibika, aliyeonyesha ni yeye." Akavuta kanga yake mabegani. "Yule wa kwanza hakutetemeka kwa woga tu. Tulimtuma."

Nilidhani mzee atafurahi. Mzigo wa karibu miaka ishirini, na sasa anaambiwa kuna wenzake kumi na saba wa kuubeba. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani na kukuta mlango umevunjwa.

"Mlinitupia," akasema.

"Tulikutupia. Na wewe ukadaka."

Mwanawe alitoka akaenda kusimama uani. Baadaye Prezida akateremka kutoka kwenye kiti, polepole, akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nisamehe kwa niaba ya wote, maana wengine sitawapata."

Bibi alimshika mabega, na mimi nilikuwa na hakika atasema ndiyo. Ni mwanamke wa huruma, hata paka wa jirani anamlisha.

"Langu nimekusamehe," akasema. "Na wewe unisamehe langu. Lakini la wale kumi na sita sina. Mara moja nilijificha katikati ya wenzangu, na umeona tulikofika. Kila mmoja atasema lake."

"Wengine wamekufa."

"Basi watoto wao."

Ndipo mzee akageuka kunitazama mimi, bado amepiga magoti. Alisema, "Na wewe, binti? Baba alikuwa wako." Alisubiri. Kisha akasema kwamba nisikimbilie kumjibu ili kumfurahisha mzee, na kwamba hata nikikataa, bado ni jibu. Tulimwinua, mimi na bibi, mmoja kila upande. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Tulirudi Houston. Mwanawe hunipigia simu. Anasema kuna siku baba yake anataja majina ya wale kina mama kwa mpangilio wa foleni, bila kosa. Kuna siku nyingine anaomba afunguliwe mlango, kwa sababu watu wamesimama juani tangu asubuhi na yeye hajafungua kituo. Mwanawe hufungua mlango. Mzee hutazama barabara tupu, na huwakaribisha ndani.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaosoma. Kama mama yako au bibi yako alipiga kura siku ile, kwenye shule iliyo juu ya kisima, upande wa ziwa, na akaonyeshwa mtu mwenye shati la kijani, mwulize. Kama hayupo tena, jibu wewe. Niandikieni jibu lenu kwa maneno yenu wenyewe, liwe la kusamehe au la kukataa, nami nitakwenda kumsomea mzee kama lilivyo, bila kulilainisha. Mimi nilitaka kusikia ya kwenu kwanza ndipo niseme langu. Nikaona huko ni kupanga ile foleni upya. Langu nimeliandika, liko kwenye bahasha, na Jumapili ninalipeleka mwenyewe Mesquite. Ya kwenu naomba yafike upesi, angali na asubuhi za kukumbuka.